Mwandishi Akipanda Gari la Mkuu wa Wilaya

Aprili 2016 Anna Kilango Malecela alikuwa hajatimiza mwezi tangu aapishwe kuwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Nchi nzima ilikuwa inasaka wafanyakazi hewa, kila mkoa ukitakiwa kutoa idadi yake, na yeye akatangaza kwamba Shinyanga haina hata mmoja. Habari ikatoka. Rais John Magufuli hakuridhika. Akatuma watu kuhakiki upya, wakakuta zaidi ya 40. Tarehe 11 mwezi huohuo uteuzi wake ukatenguliwa.

Anayeamini nguvu ya vyombo vya habari atasema kauli iliyotangazwa ndiyo iliyomponza kiongozi. Ingebaki kwenye barua ya ofisi, huenda ingelala kwenye faili. Asiyeamini atajibu kwamba kauli ilipokelewa ikapelekwa hewani kama ilivyo, na ukweli ukaja kuletwa na Ikulu. Wote wawili wana hoja, na katikati yao ndipo lilipo swali linalogusa kila kata na kila halmashauri: vyombo vya habari vinawawajibisha viongozi wa mitaa, wilaya na mikoa, au vinawapamba?

Hoja hizo hapa zimewekwa kwenye vinywa vya watu watatu: Diwani, mtu mzima aliyezoea vikao vya baraza, Mhariri, mwanamke anayeendesha dawati la habari za mikoani, na Mtangazaji, kijana wa redio jamii. Hawana majina kwa sababu ni sauti zilizotungwa kwa ajili ya mjadala. Matukio wanayoyataja ni ya kweli, na yamo kwenye kumbukumbu za umma.

Diwani ndiye anayeanza, na anaanza na donge lililomkaa rohoni.

"Mimi nimepigiwa kura," anasema. "Mkuu wa wilaya ameteuliwa na Rais. Mkurugenzi wa halmashauri naye ni wa kuteuliwa. Baraza letu halina uwezo wa kumfukuza mkurugenzi; likimchoka linapitisha azimio, azimio linapelekwa juu, sisi tunabaki kusubiri. Sasa fungueni redio. Mkuu wa wilaya awajia juu watendaji. Mkuu wa wilaya atoa siku saba. Mkuu wa wilaya acharuka. Siku ya baraza la robo mwaka, tunapopitia kilichokusanywa na kilichotumika, viti vya waandishi vitupu."

"Shikamoo Mzee," anaingia Mtangazaji. "Viti ni vitupu kwa sababu kikao kinaanza asubuhi kinaisha jioni, makabrasha mnagawiwa nyinyi peke yenu, na mjadala wenyewe ni wa tarakimu ambazo mimi sina mbele yangu. Mkuu wa wilaya akienda kukagua zahanati, kuna gari, nafasi ipo, na nikirudi nina sauti ya dakika tatu inayosikika vizuri. Redio yetu haina hata pikipiki."

"Marahaba mwanangu. Kwa hiyo habari ni ya mwenye gari?"

Mhariri hamwachi kijana ajibu. Anasema swali hilo ni lake, kwa kuwa mwandishi wa mkoani mara nyingi si mwajiriwa wa mtu. Analipwa kwa habari iliyochapishwa, isipotoka, halipwi. Nauli ni yake, vocha ni yake, simu iliyoharibika ni yake. Mtu huyo akipewa nafasi kwenye msafara, akala na msafara, na mwisho wa ziara akakabidhiwa bahasha inayoitwa nauli, hahitaji kudanganya ili aiandike habari vibaya.

"Ataandika alichoonyeshwa," anasema. "Zahanati iliyokatwa utepe ataiandika, na itakuwa kweli. Ile iliyoishia kwenye lenta kilomita chache mbele, nyasi zimeota ndani, hakufikishwa. Nami dawatini napokea picha nzuri na maelezo safi. Nitajuaje?"

"Hapo umesema, dada yangu," Diwani anamjibu. "Lakini hiyo nauli mbona humlipi wewe?"

Swali hilo huwa halijibiwi kwa urahisi katika vyumba vya habari. Mhariri anajaribu. Magazeti ya Afrika Mashariki yameishi miaka mingi kwa matangazo, na miongoni mwa watangazaji wakubwa ni serikali na taasisi zake: zabuni, nafasi za kazi, salamu za pongezi, makala maalumu za maadhimisho. Nchini Kenya serikali ilifika mahali pa kukusanya matangazo yake yote chini ya wakala mmoja mwaka 2015, na tangu hapo ofisi chache zimekuwa na uwezo wa kuamua gazeti lipi lipate na lipi likose. Kwa redio ndogo ya wilayani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mteja wa uhakika mara nyingi ni mmoja tu, nayo ni halmashauri ileile inayopaswa kuchunguzwa. Ikinunua saa moja kwa wiki ya kueleza "mafanikio", malipo hayo ndiyo yanayolipia umeme.

Mtangazaji anatikisa kichwa kukubali. Halafu anasema jambo ambalo watu wa mijini hulisahau: redio hizo, kuanzia Orkonerei FM kule Simanjiro hadi Sengerema, Pangani na Micheweni kisiwani Pemba, ndizo zinazosikika mahali gazeti halifiki. "Mkazi wa kijijini kwetu hasomi gazeti la Dar es Salaam. Akinisikia mimi nimesema tenki la maji limekamilika, na yeye analiona tenki halina bomba, nimekwisha. Kwa hiyo naogopa pande zote mbili."

Diwani hataki ionekane kwamba analaumu ziara tu. Anakumbusha kwamba wananchi wanazipenda, na wana sababu. Paul Makonda, akiwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM mwanzoni mwa 2024, alizunguka mikoani akisikiliza kero hadharani na kuwapigia simu mawaziri papo hapo mbele ya umati. Mjane aliyezungushwa miaka kuhusu kiwanja chake anapata kipaza sauti na afisa ardhi anaitwa mbele. "Mtu huyo ukimwambia hayo ni maonyesho tu, atakuuliza ulikuwa wapi miaka yote."

"Namheshimu mjane huyo," Mhariri anajibu. "Ila mwulize, Mheshimiwa: waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, ambao jua lilizama hawajafikiwa, kero zao nani alizishughulikia? Na yule afisa ardhi, mwezi mmoja baadaye, nani alirudi kuangalia kama hati ilitoka? Kamera zilishahamia mkoa mwingine."

Hoja ya Mhariri ina uzito kuliko inavyosikika. Katika kero inayotatuliwa jukwaani, kiongozi wa juu ndiye anayeonekana mwema, wa chini ndiye anayeaibishwa, na utaratibu ulioshindwa kumsaidia mjane unabaki ulivyo. Afisa anajifunza kuogopa msafara; hajifunzi kujibu barua. Ikiwa vyombo vya habari vitaripoti kilele cha tukio hilo tu, vitakuwa vimemsaidia kiongozi kujijenga, na wajibu wa kila siku wa ofisi ya ardhi utakuwa haujaguswa.

Mjadala unapofika kwenye nguvu, Mhariri anautaja usiku wa Machi 17, 2017. Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliingia ofisi za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha, na kamera za jengo zikamnasa. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya kuchunguza. Jukwaa la Wahariri likatangaza kutoandika habari za mkuu huyo wa mkoa. Kamati ikakabidhi taarifa yake Machi 22.

"Kiongozi anayeona habari hazina maana hazifuati usiku," Mhariri anasema.

"Malizia basi," anasema Diwani. "Machi 23 nani aliondolewa?"

Aliondolewa waziri. Mkuu wa mkoa aliendelea na wadhifa wake hadi 2020. Nchi nzima iliziona picha, wahariri walisimama pamoja kwa namna isiyo ya kawaida, na bado matokeo ya kisiasa yalikwenda upande mwingine. Sababu yake iko kwenye muundo: kiongozi wa kuteuliwa anawajibika kwa aliyemteua, na gazeti linaweza kumwaibisha mbele ya umma usiokuwa na kura juu yake. Uwajibikaji unaotokana na habari unahitaji mkono wa kuipokea, uwe wa baraza, wa mahakama, wa Bunge au wa mpiga kura. Mkono huo usipokuwepo, habari nzuri inapita na upepo wake.

"Basi twende kwa wenzetu wanaochagua," Mtangazaji anapendekeza. "Kenya magavana wanapigiwa kura."

Mwaka 2015 kaunti ya Bungoma ilijulikana Kenya nzima kwa matoroli. Kumi yalinunuliwa kwa shilingi 109,320 kila moja, bei ambayo mtu yeyote aliyewahi kuingia duka la vifaa vya ujenzi angeitambua kuwa si ya kawaida. Habari zikaenea, watu wakachora katuni, wakatunga utani, na maafisa wa kaunti wakafikishwa mahakamani. Kilichoifanya habari hiyo iwe na nguvu ni kwamba haikuhitaji mhasibu wa kuifafanua. Mkulima wa mahindi anajua bei ya toroli.

Gavana wa wakati huo, Kenneth Lusaka, alishindwa uchaguzi wa 2017. Mtangazaji anataka kusimama hapo. Mhariri anamsihi aendelee: mwaka huohuo Lusaka alichaguliwa kuwa Spika wa Seneti, na mwaka 2022 wapiga kura wa Bungoma wakamrudisha kwenye ugavana. Yeye binafsi hakuwa miongoni mwa walioshtakiwa, na wapiga kura walikuwa na haki ya kumpima kwa mengine. Kwa hiyo toroli lililochekesha taifa lina sehemu tu katika hesabu ya kura, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni sehemu kubwa kiasi gani.

Kwa Ferdinand Waititu wa Kiambu mlolongo ulikuwa mrefu zaidi. Bunge la kaunti lilimwondoa, Seneti ikathibitisha Januari 2020, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani katika kesi ya zabuni ya barabara na kumhukumu faini ya shilingi milioni 53.5 au kifungo cha miaka 12. Ilichukua miaka mitano kutoka Seneti hadi hukumu. Vyombo vya habari vilivyofuatilia kesi hiyo siku moja baada ya nyingine, zikiwamo siku za kuahirishwa ambazo hazina kichwa cha habari cha kuvutia, ndivyo vilivyofanya kazi ngumu.

Diwani anapenda mfano huo. Anasema kama wananchi wa wilaya yake wangekuwa wanamchagua mkuu wa wilaya, hata yeye asingelalamika kuhusu kamera.

Mtangazaji ana mfano wake anaoupenda, na unatoka Uganda. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia fedha za ruzuku zilizokuwa zikitumwa kutoka hazina kwenda shule za msingi. Kwa kipindi cha 1991 hadi 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya zilichostahili, na shule nyingi hazikupata kitu kabisa. Fedha ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha kwenye magazeti, yakiwamo ya lugha za wenyeji, kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya kila mwezi, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 wastani ulikuwa umevuka asilimia 80.

"Hakuna aliyefokewa jukwaani," Mtangazaji anasema, na sauti yake inapanda. "Hakuna msafara. Ni tarakimu kwenye gazeti na karatasi ukutani. Mwalimu mkuu aliyejua wilaya imepokea kiasi gani alikuwa na la kuuliza."

Mhariri anampongeza, kisha anamwekea breki. Katika miaka hiyohiyo Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada, ikabadilisha namna ya kutuma fedha wilayani, na wafadhili walikuwa wanaangalia kwa macho makali. Wapo wasomi waliohoji ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti peke yake. Hata hivyo watafiti wenyewe waligundua kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilipata nafuu zaidi kuliko za mbali. Kwa hiyo gazeti lilikuwa na mchango wake, likifanya kazi pamoja na mabadiliko ndani ya serikali.

Mfano wa Uganda unastahili kukaliwa, kwa sababu unaonyesha aina ya habari ambayo kiongozi wa mtaa hawezi kuigeuza kuwa sifa yake. Ziara inaweza kupangwa na hotuba inaweza kupambwa, lakini kiasi kilichotumwa na kiasi kilichopokelewa, vikiwekwa sambamba, vinajieleza vyenyewe.

Tanzania nayo ina tarakimu, tena nyingi. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti zake kwa Rais mwishoni mwa Machi, nazo huwekwa mezani bungeni Aprili. Mojawapo ni ya mamlaka za serikali za mitaa, ambazo kwa sasa ni halmashauri 184. Humo mna mashine za kukusanyia mapato ambazo fedha zake hazikufika benki, majengo yaliyolipiwa yasiyokamilika, manunuzi yasiyo na nyaraka. Kwa siku chache magazeti hujaa. Kisha wiki inakwisha.

"Na mnaandika nini?" Diwani anauliza. "Mnaandika halmashauri fulani imepata hati safi. Mkurugenzi anafanya sherehe, redio inaalikwa. Mimi nimo barazani najua kuna mradi umeliwa."

Hapa Diwani amegusa kosa linalorudiwa kila Aprili, na linastahili kusemwa wazi. Hati inayoridhisha ni maoni ya mkaguzi kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haimaanishi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri. Halmashauri inaweza kupata hati safi huku kurasa za ndani za ripoti hiyohiyo zikiorodhesha hoja nzito dhidi yake. Mwandishi anayeishia kwenye aina ya hati amesoma jalada akaacha kitabu.

Ipo tabu nyingine ya wakati. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, ripoti hutoka miezi tisa baadaye, na mkurugenzi aliyehusika pengine ameshahamishiwa halmashauri nyingine. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inapoita halmashauri kujieleza, anayesimama kujibu ni mgeni wa jambo lenyewe. Mwandishi wa habari anayemfuata aliyehama hadi kituo chake kipya na kumwuliza maswali ya kule alikotoka, anafanya ambacho utaratibu wa serikali umeshindwa.

Diwani anataka kusimulia habari ya asilimia kumi, na wote wanamwachia nafasi.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri. Mama lishe sita wanaunda kikundi, wanapata mtaji, wanarejesha. Lakini ripoti za ukaguzi zilionyesha mabilioni ya shilingi ambayo hayajarejeshwa, na vikundi ambavyo havikuwepo popote isipokuwa kwenye karatasi. Mwaka 2023 jambo hilo likawaka magazetini na bungeni, na Aprili mwaka huo Serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima ili kutengeneza utaratibu mpya. Ilirejeshwa 2024.

"Mlishangilia," Diwani anasema. "Mliandika nguvu ya kalamu. Kwenye kata yangu kulikuwa na kikundi cha kina mama wa batiki, wamerejesha mkopo wa kwanza wote, wanasubiri wa pili. Wakakaa zaidi ya mwaka. Aliyeunda kikundi hewa alishakula. Mama wa batiki ndiye aliyewajibishwa."

Mhariri anakaa kimya kidogo. Hakatai. Anachosema ni kwamba kama habari zingeandikwa kata kwa kata, kwa majina ya vikundi, tarehe za kukopa na saini za waliopitisha, ingekuwa vigumu kuifungia nchi nzima kwa makosa ya wachache. Habari ya jumla huleta adhabu ya jumla. "Sisi tulikuwa na takwimu ya taifa. Ya kata ilikuwa kwenye makabrasha yako, Mheshimiwa. Mngetupa?"

Diwani naye hana jibu la haraka, na ni haki aulizwe. Madiwani ndio wanaopitisha orodha za mapato na matumizi. Wengi hulia kwamba waandishi hawaji, huku wakiyafungia makabrasha kwenye mikoba yao.

Mazungumzo yanageukia hatari ya upande wa pili, ya vyombo vya habari kuhukumu. Diwani analitaja jina la Lengai Ole Sabaya. Alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai kuanzia 2018 hadi aliposimamishwa Mei 2021. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha ilimhukumu miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2022 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo.

"Alipokuwa ofisini wengi mlimwogopa," anasema Diwani. "Aliposimamishwa, kila mtu akawa jasiri. Na mahakama ilipoifuta hukumu, maandishi yenu yakawa madogo kuliko yale ya kifungo."

Kauli hiyo inauma kwa sababu inaeleza tabia, hata ukiacha kesi yenyewe. Kumwandika kiongozi akiwa na madaraka, kwa ushahidi, kwa kumpa nafasi ya kujibu, ni kazi ya uwajibikaji. Kumshukia akiwa ameshaanguka ni jambo jingine kabisa. Na mtu aliyefutiwa hukumu anastahili nafasi ileile ya ukurasa aliyopewa siku aliyohukumiwa.

"Mzee, sasa nikuambie kwa nini tuliogopa," Mtangazaji anasema.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Sheria hiyohiyo inaweka masharti: pawe na hatari ya kuvunjika kwa amani, sababu ziandikwe, na mtu afikishwe kwa hakimu au aachiwe. Masharti hayo husahaulika. Desemba 2016 wilayani Arumeru, mwandishi wa ITV aliwekwa ndani kwa amri ya mkuu wa wilaya baada ya kuripoti malalamiko ya wananchi kuhusu maji. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo mkoani Iringa, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa mikononi mwa polisi akiwa kazini; askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Na Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi aliyekuwa akiandika kuhusu mauaji ya viongozi wa vijiji na askari huko Kibiti, alitoweka Novemba 21, 2017. Hadi leo hajulikani alipo.

"Azory alikuwa mwandishi wa wilayani kama mimi," anasema Mtangazaji. "Hakuwa na mlinzi, hakuwa na mwanasheria wa kampuni nyumbani kwake. Alikuwa anaishi palepale na watu anaowaandika. Mkinitaka nimwulize mkuu wa wilaya maswali magumu, niambieni kwanza nikikamatwa saa kumi jioni nani anakuja."

Hakuna anayemjibu mara moja, na makala hii haiwezi kumjibu kwa maneno matamu. Mwandishi wa wilayani ndiye mwenye habari za uwajibikaji na ndiye mwenye kinga ndogo kuliko wote. Gharama ya kumwuliza mkuu wa wilaya hailingani na ya kumwuliza waziri katika ukumbi wa Dodoma wenye waandishi hamsini.

Mhariri anaongeza kwamba hata wakubwa hawako salama. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi. Mwezi uliofuata ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambapo chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti wa vijiji na mitaa. Kijiji ambacho mwenyekiti wake na wajumbe wake wote wanatoka chama kimoja, nani atauliza kikaoni? Mara nyingi anayebaki ni mwananchi mmojammoja, na redio.

Diwani ni wa chama hicho. Anasema wapo wana-CCM wanaouliza, tena kwa ukali, na anaumia wanapohesabiwa kuwa bubu. Mhariri anamkubalia, na anamwomba aulize hadharani, siku ambayo kijana wa redio yupo.

Hapo ndipo mjadala huu unapopata njia ya kutokea. Uwezo wa vyombo vya habari juu ya siasa za mitaa ni mkubwa, lakini kwa sasa sehemu kubwa ya uwezo huo imeazimwa na viongozi walewale wanaopaswa kuulizwa, kupitia gari, posho na tangazo. Makala hii inasimama na Mtangazaji na mfano wake wa Uganda. Ziara ziripotiwe, lakini kipimo cha chumba cha habari kiwe ni mara ngapi mwandishi wake alikaa kwenye baraza la robo mwaka hadi mwisho, na mara ngapi alirudi kwenye boma lililoishia kwenye lenta.

Hilo lina gharama, na gharama hiyo ni ya wamiliki na wahariri. Nauli ya mwandishi wa wilayani ilipwe na chombo chake. Akikamatwa, mwanasheria awe anajulikana kabla ya siku hiyo. Kwa upande wa serikali, vifungu vya saa 48 vifutwe. Polisi na mahakama zina uwezo wa kutosha wa kulinda amani bila mkuu wa wilaya kuwa mkamataji. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa afisa hadi siku 30 za kujibu ombi, itumike kweli: makabrasha ya baraza yabandikwe kwenye ubao wa halmashauri na kila ofisi ya kata, siku yanapogawiwa kwa madiwani.

Mtangazaji anamwuliza Diwani kama ataanza na kata yake. Diwani anasema orodha ya vikundi vilivyokopeshwa anayo, na haoni sababu ya kuificha.

Wewe msomaji pia una nafasi kwenye jambo hili. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na wakazi wana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Mtaani mijini nako mikutano ipo. Kama mwaka huu hujausikia, mwulize mtendaji wako tarehe ya ujao. Nenda na daftari. Na kabla ya siku hiyo, piga simu kwenye redio iliyo karibu nawe, uwaambie kikao kipo na wewe utakuwepo.